Siku Kumi na Tisa Zilizobaki

Jumatatu ya kwanza baada ya theluji kuyeyuka, Emil Hudak alitoa baiskeli ya binti yake chini ya nyumba, akaipangusa vumbi kwa fulana kuukuu, akaanza kuikokota kuteremka mtaa wao wa Munhall huku amevaa koti la bekari. Ilikuwa baiskeli ya kike, ya rangi ya zambarau, na binti mwenyewe alishaolewa zamani akazaa. Emil alikuwa na miaka hamsini na saba na tumbo la mtu aliyekula mikate ya bure kwa miaka ishirini na miwili. Alipokaribia kibaraza cha jirani yake Stush Wasko aliinamisha kichwa, akijifanya anakagua mnyororo.

Haikusaidia. Stush alikuwa ameketi na kahawa yake, na tangu astaafu hakuwa na kazi nyingine ila kuangalia nani anapita.

"Emil! Walikukamata na bia ngapi?"

Katika mtaa ule wa mlimani kila nyumba ilikuwa na gari, hata nyumba isiyokuwa na maziwa. Mtu mzima akionekana na baiskeli asubuhi ya siku ya kazi, watu hawaulizi mara mbili: polisi wamemnyang'anya leseni, na wamemnyang'anya kwa ulevi. Emil angeweza kusema ukweli. Angeweza kusema kwamba tarehe kumi na nne Machi alianguka jikoni kwake, akajipiga kwenye jiko, na mkewe Loretta akamshika kichwa dakika tatu nzima huku yeye Emil akitetemeka na kutokwa povu; kwamba daktari alipeleka jina lake serikalini kama sheria inavyomtaka; kwamba leseni imeshikiliwa mpaka itimie miezi sita bila kuanguka tena. Neno kifafa lilimjia mpaka kwenye ulimi, akalimeza.

"Tano," alisema. "Na wiski kidogo."

Stush alicheka mpaka akakohoa. "Tano tu? Marehemu baba yako angekukana! Haya, pedali bwana, pedali! Kikapu hicho weka maua!"

Emil alikokota mbele. Masikio yalikuwa yanawaka moto, lakini moyoni alijiona amefanya biashara nzuri.

Loretta hakuiona hivyo. Jumapili iliyofuata, wakirudi kutoka kanisani, yeye akiwa kwenye usukani, alisema bila kugeuza shingo: "Mama Petrak amenishika mkono. Ananiuliza kama nakupeleka kwenye kikundi cha walevi wanaoacha pombe, kinakutana kule chini ya kanisa kila Alhamisi."

"Mwambie ndiyo."

"Emil!"

"Sikiliza. Mlevi akiacha pombe watu wanampa mkono. Wanamwambia hongera. Mwenye kifafa nani atamkabidhi gari limejaa mikate? Dom mwenyewe pale bekarini anajua, lakini akisikia madereva wengine wanalitamka neno hilo, nimekwisha. Miezi sita tu, Loretta. Septemba kumi na nne. Waache wanione mlevi."

"Na mimi wanione mke wa mlevi."

"Miezi sita."

Loretta aliingiza gari uani. Alikuwa akifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee upande wa McKeesport, anaingia saa kumi na mbili kamili, na bekari ilikuwa upande wa pili kabisa, South Side, na zamu ya Emil huko ilianza saa moja. Basi la asubuhi la mtaa wao lilikuwa limefutwa mwaka uliopita. Ilikuwa ama baiskeli ama kukaa nyumbani. Kitu kimoja Loretta hakukijua: daktari alikuwa amekataza baiskeli pia. Alilisema hilo wakati Loretta amekwenda kuchukua gari, na Emil alipoulizwa nje, "Kasema nini tena?" alijibu, "Kasema nipunguze chumvi."

*

Njia ya baiskeli ilifuata Mto Monongahela, reli upande mmoja na maji upande mwingine. Mwezi wa Machi mwishoni Emil alikuwa karibu peke yake humo, yeye na mabata bukini waliojaza kinyesi kwenye lami. Aprili ilipopata joto, watu walimiminika kama waliofunguliwa mlango. Wapya wote. Walikuwa na kofia ngumu zilizokuwa bado na alama ya bei, chupa za maji za rangi rangi, suruali za kubana zilizomfanya Emil aangalie mtoni. Waliyumba, waligongana, walisimama katikati ya njia kujipiga picha. Waliokwisha kujua kidogo waliwapita wasiojua kwa sauti ya kiongozi wa jeshi: "Kushoto kwako!" Emil alisikia "Kushoto kwako!" mara thelathini kila asubuhi, na kila mara alibanwa ukingoni na mtu ambaye jioni angerudi kwenye gari lake.

Jumamosi moja alikuta kundi limekusanyika kwenye uwanja wa kuegesha magari karibu na daraja la Homestead, watu wazima kumi na wawili wakifundishwa kuendesha. Mwalimu alikuwa mama mwenye mvi na filimbi. Kumi na mmoja walishaondoka wanazunguka. Mmoja alibaki, msichana wa miaka ishirini na tisa hivi mwenye kofia ya manjano, ameshikilia usukani kama anayeshika pembe za fahali.

Emil alisimama. Hakujua kwa nini. Labda kwa sababu siku ile hakuna aliyekuwa akimcheka yeye.

"Unatazama gurudumu," alimwambia. "Usitazame gurudumu. Tazama kule unakokwenda."

"Nikitazama kule naanguka."

"Ukitazama hapa je?"

"Naanguka vilevile."

"Basi angukia kule, angalau utakuwa umefika."

Msichana alicheka, akasukuma pedali, akaenda hatua kama arobaini akipiga kelele, halafu akasimama bila kuanguka. Aligeuka amenyoosha mikono kama aliyefunga bao. Aliitwa Brynn Calloway, alifanya kazi ya kompyuta kwenye ofisi za mjini, na alikuwa hajawahi kupanda baiskeli maishani mwake.

"Na wewe umeanza lini, mzee?"

"Machi."

"Kwa afya?"

Emil alitazama tumbo lake, akatazama baiskeli ya zambarau. "Ndiyo," alisema. "Kwa afya."

Tangu hapo walikutana mara nyingi, kwa sababu mwezi wa Mei Brynn naye alianza kwenda kazini kwa baiskeli. Alimwita Emil "mwanafunzi mwenzangu". Yeye alimfundisha Emil ishara za mikono alizosoma kwenye kitabu, Emil akamfundisha kuziba tairi na kunyamazisha mnyororo unaolia. Wakati mwingine alimpa mkate uliopasuka ambao bekari isingeweza kuuza. Brynn alizungumza bila kupumzika: kwamba jiji litabadilika, kwamba mwakani wataongezewa njia, kwamba madereva wa magari ya mizigo ni wauaji watupu.

"Mimi ni dereva wa gari la mizigo," Emil alimwambia siku moja.

"Wewe? Unalo gari halafu umechagua baiskeli?" Alimtazama kwa macho ya kuvutiwa kiasi kwamba Emil aliona haya. "Laiti wote wangekuwa kama wewe."

*

Bekarini, Emil alikuwa amewekwa kwenye meza ya kufunga mikate. Alisimama kati ya wasichana wawili waliosikiliza muziki masikioni, akiingiza mkate kwenye mfuko, akizungusha mdomo wa mfuko, akibana kibanio. Dola sita pungufu kwa saa kuliko alipokuwa dereva. Kupitia dirisha aliliona gari lake likitoka kila asubuhi na Devin ndani, kijana aliyelipaki hovyo na kuacha vikombe vya kahawa mbele ya kioo.

Dom Ferrante, mwenye bekari, hakuwa mtu mbaya. Alimwita ofisini mara moja kwa mwezi.

"Dawa unameza?"

"Nameza."

"Hakuna lolote tena?"

"Hakuna."

"Njia yako ya kusambaza mikate nakuwekea mpaka Septemba kumi na tano. Baada ya hapo siwezi, Emil. Devin ameniambia akiachwa kwenye kuti kavu anakwenda kwa wengine. Nina shule, nina hospitali mbili, nina yule Mgiriki wa mgahawa anayepiga simu mkate ukichelewa dakika tano."

"Septemba kumi na tano nitakuwa hapa saa kumi na moja alfajiri, funguo mkononi."

"Ndivyo ninavyotaka kusikia," alisema Dom, akarudi kwenye simu yake.

Dawa zenyewe zilimlaza. Asubuhi, nusu saa baada ya kidonge, barabara ilianza kumyumbia. Mara mbili aligonga ukingo, mara moja aliparamia kamba ya mbwa, na mwenye mbwa akamtukana: "Umelewa, mzee?" Mwezi wa Juni akaanza kukata kidonge cha asubuhi kwa kisu cha mkate. Nusu aliiweka mdomoni Loretta anamtazama, nusu nyingine aliitupa kwenye sinki. Kichwa kikawa chepesi, miguu ikapata nguvu. Alijiambia kwamba ataanza kumeza kizima siku atakayorudi kwenye gari.

Ndipo yakaja yale mapengo. Asubuhi moja alikuwa anaelekea daraja la Glenwood, akiliona mbele yake, halafu ghafla daraja lilikuwa nyuma yake. Hakukumbuka kupita chini yake. Miguu ilikuwa bado inazungusha pedali. Alisimama, akaegemea nguzo, akasikiliza moyo. Alijiambia ni mawazo. Siku nyingine mkate ulimponyoka mezani na msichana wa kando akamgusa bega: "Mzee, nakuita hapa." Na mwisho wa Julai Brynn alimwambia, "Jana ulinipita kama hunijui. Nilikuita mara tatu. Macho yalikuwa wazi lakini, sijui... kama nyumba isiyo na mtu."

"Nilikuwa nawaza."

"Unawaza nini hivyo?"

"Mikate," alisema Emil, na Brynn akacheka, lakini hakucheka sana.

Alizihesabu siku kama mfungwa. Mjukuu wake Josie, mwenye miaka saba, alikuwa ameshaahidiwa: Jumamosi ya kwanza babu akipata leseni, watakwenda ziwani wawili tu, yeye na babu, saa mbili za barabara kuu, watakula samaki wa kukaanga, hakuna bibi wa kuwaambia wavae viatu. Josie alimpigia simu kila Jumapili. "Babu, bado ngapi?"

"Ishirini na mbili," Emil alimwambia Jumapili ile ya Agosti.

*

Alipofungua macho aliona kwanza jani la nyasi, karibu sana, na chungu anapanda. Halafu akaona kiatu cha manjano na cheupe. Mdomo ulikuwa na ladha ya damu. Suruali ilikuwa imelowa, na alijua imelowa kwa nini.

"Anafungua macho," ilisema sauti ya Brynn. Hakuwa anamwambia yeye. Alikuwa amepiga magoti, simu sikioni, mkono mmoja chini ya kichwa cha Emil. "Ndiyo, anapumua. Njia ya mtoni, baada ya daraja la Glenwood, upande wa South Side. Emil. Mzee Emil, unanisikia?"

"Kata simu."

"Wanakuja, tulia."

"Kata simu, binti. Nimeteleza."

"Hukuteleza. Nilikuwa nyuma yako. Umetetemeka dakika mbili."

Watu walikuwa wanasimama mmoja mmoja na baiskeli zao zinazong'aa, wanauliza kama kuna anayehitaji maji. Mwanamume mmoja alivua koti lake jepesi, akamfunika Emil kiunoni bila kumtazama usoni, na wema ule ulimwuma kuliko ulimi aliouuma. Alimshika Brynn mkono, akamvuta karibu.

"Nisikilize. Nimebakiwa na siku kumi na tisa. Umeelewa? Walinichukulia leseni Machi kwa jambo hilihili. Miezi sita bila kuanguka ndipo wanirudishie. Leo ni tarehe ishirini na sita. Wakifika hawa, wewe waambie umeniona nikiteleza kwenye kinyesi cha bata. Basi. Sikuombi kitu kingine."

Brynn alimtazama. Uso wake ulikuwa umepauka. "Hukuniambia unaumwa."

"Nakwambia sasa. Kumi na tisa. Wakiandika hili wanaanza kuhesabu upya, na njia yangu anapewa mtoto mwingine moja kwa moja. Nina miaka hamsini na saba, nani ataniajiri? Nakuomba. Nakuomba kama ungekuwa mwanangu."

Ving'ora vilisikika juu barabarani. Brynn alifungua mdomo, akaufunga. Wahudumu wawili waliteremka na machela, mmoja mnene mwenye uso wa upole, akachuchumaa. "Haya, bwana, kumetokea nini?"

"Nimeteleza," alisema Emil. "Kinyesi cha bata. Muulizeni."

Mhudumu alimwinulia Brynn macho.

Gari moshi lilisikika likija kutoka Homestead. Kisha Brynn akasema, kwa sauti nyembamba lakini bila kukatika: "Hakuteleza. Alikakamaa akaangukia kulia, akatetemeka dakika mbili na sekunde kama kumi. Niliangalia saa. Na Julai nilimwona mara nyingine, macho yamemwishia. Alikuwa na kifafa kabla, amechukuliwa leseni."

Alisema lote. Hata lile ambalo hakuulizwa.

Emil alimwachia mkono, akageuza uso upande wa mto.

*

Loretta alifika hospitali na sare yake ya kazi, beji ya jina kifuani. Nje ya mlango alimkuta Brynn ameketi, viatu vya Emil mapajani, ameviweka sawa kama anayevilinda. Alikuwa amekaa hapo saa tatu. Emil alikataa asiingie.

Daktari alikuwa kijana, na alizungumza akitazama karatasi. "Damu inaonyesha dawa kidogo sana."

"Haiwezekani," alisema Loretta. "Namwona akimeza kila asubuhi kwa macho yangu."

Daktari alimtazama Emil. Emil alitazama ukuta.

"Na baiskeli," daktari akaongeza taratibu, "tulikubaliana Machi kwamba asipande. Imeandikwa hapa."

Kwenye jengo la kuegesha magari Loretta aliingia ndani ya gari, akafunga mkanda, hakuwasha moto.

"Dawa ilikuwa inakwenda wapi?"

"Nusu kwenye sinki."

"Tangu lini?"

"Juni. Dawa ilikuwa inaniyumbisha, Loretta. Ningeangukia mtoni. Ningeanza kumeza kizima nikishapata gari."

"Ungepata gari. Halafu ungempakia Josie."

Emil alifunga mkanda wake.

"Sema. Ungempakia au hungempakia?"

"Nilikuwa najisikia vizuri."

"Saa mbili za barabara kuu! Na malori!" Alipiga usukani kwa kiganja. "Mjukuu wangu ameketi nyuma anaimba, na wewe unajisikia vizuri!" Halafu sauti ikamshuka, na Emil akaiogopa zaidi ilivyoshuka. "Nimewaacha watu wa kanisani wakuite mlevi. Mama Petrak ananishika mkono kama mfiwa, mimi nanyamaza. Nilikula ile aibu na wewe kwa sababu nilidhani tunangoja pamoja. Kumbe nilikuwa nangoja peke yangu."

Aliwasha gari.

Dom alipiga simu keshokutwa yake. Alisema ana huzuni. Alisema kuna meza ya kufunga mikate kwa muda wowote Emil atakaotaka, na kwamba Devin ameanza kulipaki gari vizuri. Emil alimshukuru.

Habari hazikukawia kupanda mlima. Stush Wasko alivuka mtaa mwenyewe, kofia mkononi, akasimama kwenye ngazi.

"Sikujua, Emil."

"Ulikuwa unacheka vizuri tu."

"Ningejua nisingecheka."

"Ndiyo maana sikukwambia."

Stush aligeuzageuza kofia. Tangu siku ile alimsalimia kwa sauti ya chini, kama mtu anayepita mbele ya chumba cha mgonjwa, na aliwanyamazisha wajukuu zake Emil alipotokea uani. Haikupita wiki Emil akaanza kuyatamani yale matusi ya Machi.

*

Brynn aliandika barua kwa mkono. Kundi lao la waendesha baiskeli wapya lilikuwa na sherehe ya kumaliza msimu, Jumapili ya mwisho ya Septemba, kwenye uwanja wa mtoni. Angependa sana waje wote wawili.

"Siendi," alisema Emil.

"Unakwenda," alisema Loretta, mikono yake ikiwa kwenye unga. Alikuwa anakunja mkate wa karanga, ule wa Krismasi, ambao hakuwahi kuoka Septemba. "Yule binti alikaa saa tatu ameshika viatu vyako. Vilikuwa vinanuka mkojo, Emil. Utakwenda, na utavaa shati."

Walikwenda. Jua lilikuwa bado kali, watu wanafika kutoka kila upande kwa baiskeli, sasa wanaendesha bila kuyumba, wanateremka kwa madaha, wanaegesha kwa mkono mmoja. Emil na Loretta walikuwa wawili pekee waliokuja kwa gari. Yule mama mwenye mvi na filimbi alishika kipaza sauti, akawaita mmoja mmoja waliomaliza msimu wao wa kwanza, akawapa vyeti. Walipiga makofi kwa kila mtu.

Kisha akasimulia habari ya Brynn. Alisimulia vizuri: namna alivyoshuka kwenye baiskeli, namna alivyomlaza mzee ubavu, namna alivyoangalia saa kama walivyofundishwa. Watu walisimama wakapiga makofi. Brynn alitazama viatu vyake.

"Na mwenyewe tunaye hapa! Emil Hudak, alianza Machi kabla yetu sote! Emil, njoo, tuna kitu chako."

Walikuwa wamechanga. Walimpa kofia ngumu, nyekundu, ya bei kubwa, imefungwa utepe. Mtu aliyekatazwa kupanda hata ngazi ya kubadilishia taa alipewa kofia ya baiskeli mbele ya watu sitini, na mama wa filimbi akamvalisha mwenyewe, akamfungia ukanda chini ya kidevu kama anayemvalisha mtoto wa shule. Wakapiga picha. Kipaza sauti kikaletwa mdomoni kwake.

Emil aliwatazama. Waliungua na jua wote, walikuwa na afya, walikuwa wanatabasamu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akimtakia mabaya.

"Asante," alisema.

Wakapiga makofi tena.

Brynn aliwasindikiza mpaka garini akikokota baiskeli yake. Loretta alimkumbatia, akampa kipande cha mkate wa karanga kimefungwa kwenye karatasi, akaingia ndani ya gari na kufunga mlango makusudi. Emil alivua ile kofia. Alikuwa ameyapanga maneno yake kwa mwezi mzima, mbele ya meza ya bekari, mfuko baada ya mfuko.

"Ulifanya sawasawa," alisema. "Daktari kasema, mke wangu kasema, najua na mimi. Nataka ulisikie hilo kwangu. Na nataka usikie na la pili. Sitakusamehe."

"Najua," alisema Brynn. "Nilijua pale pale, ulipokuwa chini."

"Ungesema neno moja tu. Kuteleza."

"Nilitaka kulisema. Nilikuwa nimeshafungua mdomo."

"Ulinichukia kitu gani?"

"Sikukuchukia. Wewe ndiye uliyenifundisha kuendesha."

"Basi kwa nini?"

Alifikiri, si kwa muda mrefu. "Kwa sababu na mimi napita kwenye hizo barabara, mzee Emil. Kila siku. Pale pale akilini nilikuona ndani ya lile gari la mikate, unakuja nyuma yangu, macho yako wazi."

Emil alitazama baiskeli ya Brynn.

"Taa yako ya nyuma haiwaki," alisema.

Brynn aliinama kuitazama, na aliposimama Emil alikuwa ameshaingia garini.

Walipanda barabara ya kurudi Munhall, ile nyembamba yenye ukuta upande mmoja. Mbele yao kulikuwa na mwendesha baiskeli, mwanamke mnene mwenye mkoba mgongoni, anajikaza kwenye mwinuko, anayumba kushoto, anayumba kulia. Loretta alipunguza mwendo, akamfuata nyuma taratibu. Gari la nyuma likapiga honi. Loretta hakujali.

Mguu wa kulia wa Emil ulikuwa umekanyaga sakafu kwa nguvu zote, kama kuna breki pale, goti limekakamaa.

"Toa mguu hapo, Emil," alisema Loretta, macho yake barabarani. "Naendesha mimi."

Hakuutoa mpaka walipompita.